Kadi ya Mpwa na Kitabu cha Coopec: Mjadala wa Munigi

Ukitoka Goma, mashariki mwa Kongo, kwa barabara ya Rutshuru, unaingia Munigi kabla hujajua mji umeishia wapi. Mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo yako kwenye uzio, kwenye msingi wa nyumba, hata chini ya sufuria. Chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, zinateremka kutoka Kibumba zikiwa na viazi na makala, na ni nadra mzigo kufika sokoni bila mkopo wa mtu ndani yake. Nani amekopa kwa nani, na kwa riba gani, ni mazungumzo yanayochukua muda mrefu hapa kuliko siasa, ingawa ni siasa iliyofunga benki mwaka 2025.

Mjadala ufuatao nimeupanga mimi. Sauti ni za kutunga, hoja si za kutunga. Unaanzishwa na kijana aliyehamia Iowa, Marekani. Huko amejiunga na chama cha akiba na mikopo, yaani benki ambayo wenye akaunti ndio wenye mali, na chama hicho kimemwekea mezani kadi tatu za mkopo achague. Kwa kuwa pesa anayotuma inalisha nyumba ya Munigi, ameona awaulize wakubwa kwanza.

MPWA (kwa ujumbe wa sauti): Jambo Shangazi, jambo Mwalimu, jambo Mzee, na wote mlio hapo. Mambo ni hivi. Kadi ya kwanza haina zawadi yoyote, ila riba yake iko chini. Ya pili inanirudishia kidogo kila ninaponunua kitu, ila riba yake iko juu. Ya tatu wanataka niweke kwao dola 300 kwanza, wazifunge, ndipo wanipe kadi ya kukopa hadi dola 300 hizo hizo. Wanasema bado mimi ni mgeni, sina historia ya deni. Nichukue ipi? Nimefikiri mwezi ambao mshahara unachelewa, kadi ingenisaidia kuwatumia chochote.

MZEE: Mwambie asichukue hata moja. Sisi tulishaonja mambo ya benki. Siku ya Noeli mwaka 1979 tuliambiwa noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena. Mwaka 1993 wakaleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 wakaleta franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Mwalimu, piga hesabu hapo.

MWALIMU: Franka moja ni zaire bilioni 300 za zamani.

MZEE: Basi. Aliyeweka bilioni zake benki alibaki na nini?

MOTARI (dereva wa pikipiki ya abiria): Lakini Mzee, hiyo ni hadithi ya mtu aliyeweka. Aliyekopa wakati ule alicheka. Deni lake liliyeyuka lenyewe.

MZEE: Alicheka, ndiyo. Ndiyo maana leo kila mkopeshaji anakuandikia deni kwa dola. Hawatarudia kuchekwa.

Mzee hapa amesema jambo ambalo wachumi hulieleza kwa kurasa nyingi. Kupanda kwa bei kulikokaribia asilimia 10,000 mwaka 1994 kuliwafundisha Wakongo kuhesabu kwa pesa ya Marekani. Mshahara wa mwalimu unakuja kwa franka, deni lake liko kwa dola, na franka ikiteleza ni yeye anayelipa tofauti.

MWALIMU: Kabla ya kugombana, tutenganishe kadi. Kadi nyingi tunazoziona Goma, zenye alama ya Visa au Mastercard, zinatoa pesa yako mwenyewe iliyo kwenye akaunti, au ile uliyoipakia kabla. Hizo si mkopo. Kenya, Co-operative Bank, benki ya vyama vya ushirika iliyoandikishwa mwaka 1965 na kufungua milango mwaka 1968, inatoa kadi ya Sacco Link kwa wanachama wa sacco, nayo ni ya kutoa akiba yao tu. Kadi ya mpwa wetu ni kitu kingine. Akinunua sukari leo, benki inamlipia muuzaji, na yeye anabaki na deni.

MOTARI: Mimi naitaka hiyo hiyo! Asubuhi naweka mafuta kwa kadi, jioni nalipa kwa pesa ya abiria. Leo nikikosa mafuta ninakimbilia Banki Lamberti, nachukua dola 100, mwisho wa mwezi narudisha 150.

SHANGAZI: Na usipopata hizo 150?

MOTARI: Wanachukua pikipiki. Siku hiyo naanza kwenda kwa miguu.

Kwa wasomaji walio nje ya Kongo: Banki Lamberti si benki. Ni jina la mtaani la mkopeshaji binafsi, lililorithiwa kutoka benki ya Kibelgiji ya zamani, na leo linamaanisha riba isiyo na huruma. Tabia hiyo si ya Kongo peke yake. Alphonse Desjardins, aliyeanzisha chama cha akiba na mikopo mjini Lévis, Kanada, mwaka 1900, aliguswa na habari ya mtu wa Montreal aliyedaiwa riba ya dola 5,000 kwa mkopo wa dola 150. Benki za wanachama zilizaliwa kwa sababu ya watu kama motari huyu. Huku kwetu zinaitwa coopec. Sasa tuone kama zinamsaidia kweli.

KESHIA WA COOPEC: Tunamsaidia. Anakuja kwetu, ananunua hisa, anaweka akiba miezi michache, anakopa. Kwetu mwenye hisa moja na mwenye hisa mia wana sauti moja moja kwenye mkutano mkuu. Sheria ya coopec ipo. Benki ya biashara haiwezi kukwambia hivyo.

SHANGAZI: Keshia, sheria ni nzuri, lakini nijibu kwa mkopo wa viazi. Nikichukua dola 300 kwa miezi sita, kwa riba ya 3 kwa mia kila mwezi, narudisha ngapi?

KESHIA WA COOPEC: Inategemea riba inahesabiwaje.

SHANGAZI: Inategemeaje? Tatu ni tatu.

MWALIMU: Hapana Mama, hapo ndipo watu wanapopotea. Wakihesabu riba juu ya dola 300 zote mpaka mwisho, ni dola 9 kila mwezi, miezi sita ni 54. Wakihesabu juu ya deni linalobaki, na wewe unapunguza 50 kila mwezi, utalipa 9, kisha 7 na nusu, kisha 6, kisha 4 na nusu, kisha 3, kisha 1 na nusu. Jumla ni dola 31 na nusu. Karatasi zote mbili zimeandikwa 3 kwa mia.

SHANGAZI: Dola 22 na nusu zimetoka mfukoni mwangu kwa neno moja?

MWALIMU: Kwa neno moja ambalo halikusomwa. Na bado. Kama walikufungia dola 100 za akiba yako kuwa dhamana, pesa mpya uliyoipata ni 200, lakini riba unalipa kwa 300. Ongeza malipo ya kufungua faili.

KESHIA WA COOPEC: Akiba iliyofungwa inarudi, Mwalimu. Na bila hiyo tungekopesha kwa nini? Kwa karatasi ya parseli? Tarehe 22 Mei 2021 lava iliteremka mpaka Buhene. Kuna watu wana karatasi safi kabisa ya parseli, yenye mihuri yote, na parseli yenyewe iko chini ya jiwe. Niambie, dhamana hiyo niiuze kwa nani?

Hakuna aliyemjibu, na sidhani kama kuna jibu. Mwaka 2002, Januari 17, lava ilipasua mji wa Goma katikati na kuzika maduka na ofisi. Miaka 19 baadaye ikala vijiji vya Nyiragongo. Mahali ambapo ardhi yenyewe inaweza kufutwa usiku mmoja, mkopeshaji atakimbilia akiba ya mkopaji, au majirani zake wamdhamini. Ninamlaumu keshia kwa mambo mengine, si kwa hili.

MPWA (ujumbe wa pili): Nimesikia hesabu ya Mwalimu. Hapa sheria inasema chama chenye hati ya serikali kuu kisitoze zaidi ya 15 kwa mia kwa mwaka. Wasimamizi wameruhusu 18 tangu 1987, na kwa kadi hawajapita hapo. Kadi za benki kubwa sasa ziko juu ya 20.

MWALIMU: Kumi na nane kwa mwaka ni moja na nusu kwa mwezi. Mkopo ule ule wa dola 300, akipunguza 50 kila mwezi, riba yake ni dola 15 na senti 75. Shangazi yake analipa mara mbili, au zaidi ya mara tatu, kulingana na karatasi aliyotia kidole.

MOTARI: Sasa nani maskini hapa?

KESHIA WA COOPEC: Usilinganishe hivyo. Akiba ya wanachama wa kule ina bima mpaka dola 250,000 kwa kila mwenye akaunti, serikali imesimama nyuma yake. Wana umeme, wana mahakama, wana kampuni zinazoandika historia ya deni la kila mtu. Mimi mteja akihamia Masisi, au vita ikimhamisha, namtafutia wapi? Hasara hiyo iko ndani ya ile 3 kwa mia.

MZEE: Na mishahara yenu pia imo.

KESHIA WA COOPEC: Imo, Mzee. Na mlinzi, na mafuta ya jenereta.

Hapa shangazi alimkatiza keshia, na sehemu iliyofuata ndiyo iliyokuwa na uchungu.

SHANGAZI: Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, benki zikafunga. Nilikwenda na kitabu changu cha coopec. Kimeandikwa dola zangu vizuri kabisa. Wakaniambia pesa ya chama ilikuwa imewekwa kwenye benki ya biashara, na benki imefunga. Mimi ni mwenye mali, umesema? Mwenye mali gani anarudi nyumbani bila nauli?

KESHIA WA COOPEC: Chama hakiwezi kulala na pesa yote ndani ya kasha, Mama. Wezi wangetumaliza.

SHANGAZI: Sisemi mlale nayo. Nasema hatukuambiwa iko wapi. Pesa ya huyu mtoto ilikuwa inaingia kwenye simu, lakini kuitoa ilikuwa vita nyingine. Wakala alikata alivyotaka kwa sababu noti zilikuwa zimeadimika. Wengine walivuka mpaka Gisenyi, Rwanda, kutafuta benki iliyo wazi. Aprili M23 wakafungua CADECO, ile kasha ya akiba ya serikali, watu wakasimama pale wanauliza, hii ni benki au ni nini?

MOTARI: Bora sanduku la avec.

SHANGAZI: Sanduku nalo! Kikundi chetu tuna sanduku, kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu. Kila juma tunanunua hisa. Unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako, riba 5 kwa mia kwa mwezi.

MOTARI: Tano! Si ni kubwa kuliko coopec?

SHANGAZI: Ni kubwa, lakini haiendi mbali. Mwisho wa mzunguko tunagawana, na riba niliyolipa inarudi kwangu pamoja na wenzangu, kila mtu kwa hisa zake. Shida ni siku ya kukimbia. Kufuli tatu hazisaidii kitu kama sanduku lenyewe limebaki nyuma.

Vikundi hivi vya avec vina asili inayojulikana: shirika la CARE lilianza mtindo huo mwaka 1991 huko Maradi, Niger, pamoja na wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika nzima. Ninauheshimu kwa sababu moja: hakuna karatasi ya kusoma. Hesabu inasemwa kwa sauti mbele ya wote, na asiyejua kusoma anaishika kichwani kama msomi. Hilo ndilo coopec inalopoteza inapokua, na ndilo kadi ya plastiki isilokuwa nalo kabisa.

MZEE: Turudi kwa mtoto. Anasubiri.

MOTARI: Achukue ile inayorudisha pesa. Pesa ya bure hairudishwi mlangoni.

MWALIMU: Si ya bure. Tuseme inamrudishia moja na nusu kwa mia. Akinunua vitu vya dola 1,000, anapata 15. Akibakiza deni hilo la 1,000 mwezi mmoja tu kwa riba ya 18 kwa mwaka, anadaiwa 15. Zawadi imeondoka. Mwezi wa pili analipa yeye. Kadi ya zawadi ni ya mtu anayelipa deni lote kila mwezi bila kukosa. Na kwa mtu wa namna hiyo, riba haina maana hata ingekuwa 40, kwa sababu halipi riba yoyote. Kule wanapotuma hesabu ya mwezi, sheria inampa angalau siku 21 za kulipa. Akilipa yote ndani ya siku hizo, kwa kadi nyingi vitu alivyonunua havina riba.

SHANGAZI: Huyu atalipa yote kila mwezi? Mtoto anayesema mshahara unachelewa?

MPWA (ujumbe wa tatu): Shangazi, umenishika. Lakini kuna kiwango cha chini cha kulipa, ni kidogo tu, nitaweza.

MWALIMU: Hicho kidogo ndicho cha kuogopa. Deni ni 1,000, riba ya mwezi ni 15. Tuseme kiwango cha chini ni 2 kwa mia, yaani 20. Umelipa 20, deni limepungua 5. Ukiendelea hivyo utaoa, utazaa, mtoto ataanza shule, na sukari uliyonunua leo hujaimaliza kuilipa.

MZEE: Banki Lamberti anakuja mlangoni kupiga kelele. Huyu wa kadi ananyamaza. Mimi namwogopa zaidi anayenyamaza.

KESHIA WA COOPEC: Mimi ningemwambia ile ya tatu, ya kufunga dola 300. Ni mtindo wetu kabisa. Pesa ni yake, itarudi, na inamjengea jina. Mwaka ukipita akiwa analipa vizuri, wanaweza kumpa kadi ya kawaida na kumrudishia amana yake.

MOTARI: Yaani ajikopeshe mwenyewe na alipe riba juu?

KESHIA WA COOPEC: Akilipa yote kwa wakati, hana riba. Anachonunua pale ni historia. Wewe hapa historia yako tunaijua sisi, tunajua mama yako, tunajua nani alikudhamini ukakimbia. Kule hakuna anayemjua. Kuna Equifax, Experian na TransUnion, na wasipokuwa na jina lake kwenye vitabu vyao hata nyumba ya kupanga anaweza kuikosa.

MWALIMU: Katika hilo nakubaliana na keshia. Ila kuna jambo ambalo mpwa ameligusa akalipita haraka. Amesema atatumia kadi kututumia pesa. Hapana. Ukichota pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, riba inaanza siku ile ile, zile siku 21 hazipo, na juu yake mara nyingi kuna ada. Watoaji wengi wa kadi wanahesabu kutuma pesa kwa simu kuwa ni kuchota taslimu. Atume dola 200, alipe ada ya kadi, alipe ada ya kutuma, riba ianze usiku ule, halafu wakala wa hapa naye akate. Pesa imeliwa mara nne kabla ya shangazi.

SHANGAZI (kwa simu): Umesikia, mtoto wangu? Mwezi ambao huna, sema huna. Nitauza viazi. Usikope Marekani ili mimi nile Munigi.

MPWA: Nimesikia, Shangazi.

MOTARI: Na mimi? Mmemaliza mambo ya Marekani, mafuta yangu bado.

MZEE: Wewe ingia kikundi cha akina mama, kama watakukubali.

MOTARI: Wanaume hawapendi kukaa kwenye vikao.

SHANGAZI: Ndiyo maana mnakaa kwa Lamberti.

Nimewaacha wamalizie kicheko chao. Sasa niseme langu.

Kwa mpwa ningechagua kadi ya kufunga amana, mwaka mmoja, ya kununulia vitu ambavyo pesa yake tayari anayo, na benki iamriwe kulipa deni lote yenyewe kila mwezi. Baadaye ahamie ile ya riba ya chini. Ya zawadi aiache mpaka siku mshahara wake utakapoacha kuchelewa. Kutuma pesa kwa kadi, asithubutu.

Kwa Munigi, sikubaliani na wanaosema coopec imekufa kwa sababu ya mwaka 2025. Kwa kiasi kidogo cha wiki chache, kikundi kinatosha na kinashinda. Mtaji wa mzigo mkubwa wa viazi hautatoka kwenye sanduku, unahitaji coopec. Lakini keshia hakujibu swali zito la shangazi, na wala halikuwa la riba: akiba yetu imewekwa wapi, na ni nani aliyekubali iwekwe huko yote? Ile sauti moja kwa kila mwanachama inafanya kazi kwenye mkutano mkuu tu, na asiyekwenda ameigawa bure kwa bodi. Marekani ile 18 kwa mia inalindwa na sheria na wasimamizi wa serikali. Hapa, kwa sasa, msimamizi aliye karibu ni wewe mwenye kitabu.

Basi mwanachama, nenda kwenye mkutano ujao, hata kama ajenda ni ndefu na soda ni moja. Uliza pesa iko kwenye benki ngapi, na kiasi gani kimebaki kwenye kasha kwa siku mbaya. Uliza pia waliokopa zaidi ni akina nani, na kama wamo wajumbe wa bodi na ndugu zao. Na siku utakapokopa, kabla ya kutia kidole, uliza riba inahesabiwa juu ya pesa uliyopewa siku ya kwanza au juu ya ile inayobaki. Jibu waliandike kwenye karatasi, na nakala ubaki nayo wewe.